Fundi Aende Ao Abaki? Neno kwa Vijana wetu wa Ordinateri

 

Toka miezi mingi sisi mashemasi tunaulizwa swali moja kila mara kisha ibada. Wanaouliza ni vijana wenye kazi ya ordinateri: wale wanaoandika programu, wale wanaotengeneza simu, wale wanaopanda juu ya minara ya telefone, wale wanaofundisha informatiki katika masomo. Wamoja ni watoto wa hapa Lubumbashi. Wengine walifika kwetu toka Goma na Bukavu kisha mambo ya mwaka 2025. Wanauliza: "Papa shemasi, twende inje ya inchi, ao tubaki?"

Tumeona si vema kumjibu kila mmoja pembeni ya ukuta wa kanisa. Neno hili ni la kanisa lote, kwa sababu kijana mmoja akisafiri, nyumba nzima inasafiri naye katika roho. Basi tulitazame pamoja mbele ya Mungu.

Jambo lililowapata

Mwisho wa mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, kundi la M23, lililosaidiwa na jeshi la Rwanda kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika, liliingia Goma. Katikati ya mwezi wa pili likashika Bukavu. Katika siku zile za vita Goma ilikosa umeme na maji, intaneti ikapotea, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango yake.

Kila mtu aliumia. Lakini tuelewe vizuri namna kijana wa ordinateri alivyoumia. Mama anayeuza ndizi, vita vikipita, anaweza kutandika tena kitambaa chake sokoni. Kijana anayeandika programu kwa mteja wa Ubelgiji, shamba lake ni waya na benki. Waya ukikatwa, jembe lake limevunjika. Benki ikifungwa, mavuno yake yanaoza inje. Mmoja wao alituambia alivuka mpaka na ordinateri yake ndani ya mfuko wa nguo za mtoto. Alipopata intaneti siku ya nne, mteja wake alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine kazi. Mteja hakuwa na ubaya. Hakujua tu.

Mwingine alikuwa fundi wa minara ya telefone. Huyu alitueleza neno ambalo hatukulisahau. Alisema: "Papa, wenye bunduki wanamtafuta fundi kuliko wanavyomtafuta tajiri. Tajiri wanamnyanganya mara moja. Fundi wanataka akae nao." Ndiyo maana alitoka usiku.

Na dada mmoja, mwalimu wa informatiki, mama yake mzazi alibaki Bukavu. Huyu hakuuliza kama aende. Aliuliza: "Nikienda mbali zaidi, nitakuwa ninamkimbia nani: wenye bunduki, ao mama yangu?"

Wandugu, haya si maswali ya kucheka. Na tusiyajibu haraka kwa kusema, "Anayependa inchi yake atabaki," wala kwa kusema, "Mwenye akili ameshaenda." Tusikie kwanza Neno la Mungu.

Mfalme alijua bei ya fundi

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 24, tunaona Nebukadneza akiushika mji wa Yerusalema. Alichukua hazina ya hekalu, kama washindi wote wanavyofanya. Lakini hakuishia hapo. Aliwachukua wakubwa, askari, na mafundi wote pamoja na wahunzi. Maandiko yanahesabu mafundi na wahunzi peke yao kuwa 1,000. Waliobaki ni maskini wa inchi. Mfalme yule alijua kwamba zahabu inakwisha, lakini mkono wa fundi unazaa kila siku. Alijua tena kwamba mji usio na fundi hauwezi kuasi, kwa maana hauwezi kujitengenezea kitu.

Wafilisti walikuwa wamejua hayo mbele yake. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 13, hapakuonekana mhunzi hata mmoja katika inchi yote ya Israeli. Mwisraeli akitaka kunoa jembe lake ao shoka lake, alishuka kwa adui yake na kulipa feza. Wapendwa, hebu tupime. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti hiyo inaingia katika betri za simu na za ordinateri. Koltani ya Rubaya inaingia ndani ya mashini zile zile. Lakini simu ikiharibika tunalipa, programu ikihitajiwa tunalipa, tunashuka kunoa jembe letu kwa wengine. Mawe yametoka kwetu. Kama na vijana wanaojua kazi ya mawe hayo wakiondoka wote, tutabaki na nini?

Wenye umri wetu tumeona kidogo, na wazazi wetu waliona zaidi. Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Kongo haikuwa na munganga Mukongomani hata mmoja mwenye diplome kamili ya uganga. Siku chache baadaye askari waliasi, na Wabelgiji wa kazi za Leta na za ufundi wakaondoka kwa maelfu. Tena mwezi wa tisa 1991, kisha uporaji wa Kinshasa na miji mingine, wageni wengi wa ufundi waliondolewa. Na hapa Katanga, mwaka wa 1992 na 1993, wandugu wetu wa Kasai walifukuzwa, na kati yao walikuwa mainjeniere na mafundi wa migodi na wa treni. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1990. Si kwa sababu moja tu: mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na feza za kununua vyombo hazikupatikana. Lakini kumfukuza fundi kulikuwa sehemu ya anguko lile. Tuliwafukuza mikono, kisha tukashangaa kazi imelala.

Basi mtu asiseme kwamba kuondoka kwa fundi ni jambo dogo.

Lakini Mungu hakutoa sheria moja

Wengine watasema: kama ni hivyo, wote wabaki! Ngojeni. Maandiko hayasemi hivyo.

Yosefu, mume wa Maria, alipoonywa katika ndoto, hakungoja asubuhi. Alimchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri usiku ule ule. Mwokozi wetu alikuwa mkimbizi mbele ya kujua kutembea vizuri. Anayemzarau mkimbizi ajue anamzarau nani. Na tazameni tena: Herode alipokufa, Yosefu alirudi, lakini aliposikia kwamba Arkelao anatawala Yudea, hakuenda kule. Alikwenda Galilaya. Kurudi ni vema, lakini kurudi na macho wazi ni vema zaidi.

Nabii Yeremia anatufundisha zaidi ya wote. Kwa waliopelekwa Babeli aliandika barua: wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuzaa, na waombee amani ya mji ule wa kigeni. Yeye mwenyewe, mkubwa wa askari wa Babeli alipomfungua minyororo na kumwambia achague, kwenda naye na kutunzwa vizuri ao kubaki, alichagua kubaki pamoja na maskini. Na wale waliobaki, Gedalia alipouawa, walitaka kukimbilia Misri, na Yeremia aliwaambia wasiende. Nabii ni mmoja. Mungu ni mmoja. Mashauri ni matatu, kwa sababu watu walikuwa katika hali tatu.

Na sisi watoto wa makanisa ya kinabii tunalijua jambo hili katika historia yetu. Simon Kimbangu alitolewa Nkamba mwaka 1921, akaletwa hapa hapa mji uliokuwa unaitwa Elisabethville, akakaa kifungoni miaka 30, akafa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Wafuasi wake walitawanywa mbali na vijiji vyao. Wakoloni walifikiri wanazima moto, kumbe walikuwa wanapeleka makaa kila pahali. Mungu anaweza kufanya kazi na mtu aliyeondolewa kwake. Lakini tusichanganye: yule alichukuliwa kwa nguvu. Wewe unayechagua, utaulizwa juu ya uchaguzi wako.

Usije kwa nabii na mfuko umefungwa

Sasa tuseme neno gumu kidogo. Katika Yeremia mlango wa 42, wale watu walimwendea nabii wakasema: utuombee kwa Mungu, atakalosema tutalifanya, liwe jema ao baya. Yeremia akangoja siku 10. Jibu lilipofika, walilikataa, wakamwita mwongo. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wamekwisha kufunga mizigo yao. Hawakutafuta shauri. Walitafuta muhuri.

Wapendwa, na kwetu kuna mambo kama haya. Kijana anakuja kuombewa, paspoti iko mfukoni, feza za njia amekwisha kulipa, mama yake hajui kitu. Anataka nabii aseme "nenda" ili akianguka njiani, lawama iwe ya nabii. Na kuna pahali, twajua, ambapo wanaume wanaojiita manabii wanapokea dola ili kuombea viza, wanapaka paspoti mafuta, wanataja mwezi wa safari. Tunasema wazi katika karatasi hii: maombi ya viza hayauzwi. Mtu akikuomba feza kwa unabii wa safari, shika paspoti yako na urudi nyumbani. Hata akiwa wa kanisa letu, mlete mbele ya wazee.

Nasi mashemasi hatutamwambia mtu nenda wala baki. Tutaomba naye, tutafunga naye, na tutamuuliza maswali manne.

Maswali manne

La kwanza: unakimbia kifo, ao unakimbia umaskini? Yote mawili ni mateso, na hatuchekeshi umaskini. Lakini njia yake si moja. Aliye na hatari ya kuuawa asingoje mkutano wa ukoo, afanye kama Yosefu. Aliyekosa mshahara mzuri ana wakati wa kufikiri, atumie wakati huo. Elimeleki wa Betlehemu alitoka kwa ajili ya njaa akaenda Moabu. Alikufa kule, na wana wake wawili wakafa kule, na Naomi akarudi mikono mitupu, Ruta peke yake akimfuata. Hatusemi kila anayekwenda atakufa. Tunasema njaa ya nyumbani isikufanye usahau kuuliza juu ya njaa ya ugenini.

La pili: nani anabaki nyuma yako, na je, amejua? Mama mmoja wa kanisa alituambia: "Mtoto wangu aliniaga kwa simu akiwa tayari ng'ambo ya maji. Sikumkataza, maana hakuniuliza." Huyo mama hakulia kwa sababu mtoto alikwenda. Alilia kwa sababu alifanywa kama mtu asiyekuwapo. Kijana, keti na wazazi. Keti na bibi yako. Sema hesabu yote: garama, njia, hatari, na nani atalipia watoto masomo. Baraka ya mzazi haiuzwi katika uwanja wa ndege.

La tatu: unaingia kwa mlango, ao kwa dirisha? Ukiitwa kazi na kampuni, ukapata karatasi za kweli, huo ni mlango. Ukitafuta kimbilio kwa sababu ya vita na ukasema ukweli, na huo ni mlango. Lakini anayelipa watu wa njia za siri, ao anayetunga habari ya mateso ambayo hayakumpata, anamwibia yule aliyeteswa kweli. Na ujue ukweli wa pahali unapokwenda. Uganda imepokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 500,000, na sheria yake inawaruhusu kufanya kazi. Malawi si vile: kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu elfu kumi hivi, na leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao ni Wakongomani, na sheria inawabana wasitoke kufanya kazi kama wanavyotaka. Ulaya na Kanada kuna injeniere wetu anayesafisha ofisi akingoja diplome yake ikubaliwe. Kusafisha ofisi si aibu. Aibu ni kumdanganya mdogo wako kwa picha, ukisimama karibu na gari lisilo lako.

La nne: utaacha nini mikononi mwa watu, na utarudisha nini? Hapa tukumbuke Besaleli na Oholiabu, mafundi wa hema la Mungu. Kitabu cha Kutoka kinatuonyesha kwamba Mungu aliwapa akili ya kuchonga, ya kufuma, ya kufua zahabu na shaba. Lakini mlango wa 35 unaongeza jambo ambalo wengi hulipita: alimpa Besaleli, yeye na Oholiabu, moyo wa kufundisha wengine. Zawadi ya ufundi inakuja na zawadi ya kufundisha. Fundi anayekufa na siri yake, ao anayepanda ndege na siri yake, ametumia nusu ya zawadi.

Neno la kufanya

Kwa hiyo tunatoa ombi hili kwa kila kijana wa ordinateri wa parokia yetu: mbele ya kusafiri, fundisha wawili. Usiseme huna wakati, maana viza yenyewe inachukua miezi. Wawili tu. Mmoja awe msichana. Wafundishe mpaka waweze kutengeneza bila kukupigia simu. Ukienda, hutakuwa umetoboa ukuta wa mji. Ukibaki, utakuwa umepata wasaidizi.

Kisha 1960, Wakongomani waliokuwa wasaidizi wa wanganga walitumwa Ufaransa kwa msaada wa shirika la afya la Umoja wa Mataifa ili wamalize masomo. Miaka michache baadaye walirudi wakiwa wanganga kamili na kuingia hospitalini kuponya watu. Walikwenda na kazi ya kurudi nayo. Na wakati ule ule Wahaiti wenye masomo, waliokuwa wakikimbia utawala wa François Duvalier kwao, walikuja Kongo, wakafundisha wazazi wetu katika masomo. Raoul Peck, mtengenezaji wa filme juu ya Lumumba, alikulia Kongo kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wao. Ona basi: uchungu wa Haiti ulikuwa msaada wa Kongo. Labda leo uchungu wa Goma utakuwa msaada wa Kampala, wa Lusaka, wa Montréal. Hatulii juu ya hilo. Tunaomba tu kwamba mto ukumbuke chemchemi yake.

Na siku hizi kuna neema ambayo wale wa zamani hawakuwa nayo. Aliye mbali anaweza kufundisha kwa intaneti siku ya posho saa mbili. Anaweza kutuma ordinateri ya zamani badala ya viatu vya kujionyesha. Anaweza kumpa kazi ndogo yule aliyebaki na kumlipa haki yake.

Kwa ninyi mnaobaki: msimwite mwenzenu msaliti. Hamjui usiku wake. Kwa ninyi mnaokwenda: msimwite aliyebaki mjinga. Yeye ndiye anayemzika mama yako akifa, ndiye anayepeleka mtoto wa dada yako hospitalini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwa kanisa lote, wapapa na wamama: tusiwaombe vijana wabaki kama hatuwapi pa kusimama. Chumba cha nyuma cha kanisa kinalala bure siku tano kwa juma. Tunaomba komite ikifungue, iweke meza, iweke sahani ya jua juu ya bati, na dada yetu mwalimu aliyetoka Bukavu apate pa kufundishia. Anayesema "bakini" alete msumari. Anayesema "nendeni" alete nauli. Maneno matupu tumeyasikia ya kutosha toka kwa wakubwa wa siasa.

Tuombe.

Baba yetu uliyemwongoza Abrahamu akitoka, uliyemlinda Yeremia akibaki, uliyemficha Mwana wako Misri na ukamrudisha: watazame vijana wetu. Aliye na hatari, mpe njia usiku. Aliye na tamaa tu, mpe utulivu. Anayekwenda, mpe mlango wa kweli. Anayebaki, mpe mkate na umeme. Waliobaki Goma, Bukavu na vijiji vyote vya vita, uwe ukuta wao. Inchi yetu usiiache bila mhunzi. Katika jina la Yesu.

Amina.

Sisi mashemasi wenu, Lubumbashi